Sura ya Sita: Kibuyu Kilichoshonwa

Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya ziwa kama mgonjwa asiyetaka kuamshwa, wakati Sajini Nasanairi Mbareeba wa upelelezi, kituo cha Kabale, alipoanza kupanda kilima cha Rwentare. Alikuwa peke yake, kwa miguu, Jumapili ya mapumziko yake, na mfukoni mwa koti alikuwa na karatasi mbili zisizopatana.

Ya kwanza ilikuwa maelezo ya Erifazi Tindiwensi, mlevi anayejulikana kilima kizima, aliyesema kwamba Ijumaa moja ya mwezi uliopita alimpiga Yosamu, kijana wa kilima hicho, fimbo ya kichwa, akafa. Ya pili ilikuwa ya daktari. Daktari aliandika kwamba Yosamu alivunjika shingo kwa kuanguka kutoka juu, na kichwani mwake hakukuwa na alama ya fimbo.

Mkubwa wake kituoni alizitazama zote mbili, akairudisha ile ya daktari.

"Mtu amekiri, Mbareeba. Unataka nini tena, akuimbie?"

"Amekiri kitu ambacho hakikutokea, bwana."

"Jumatatu saa mbili asubuhi Landrova inampeleka Mbarara. Ukiniletea mwingine kabla ya hapo, nitambadilisha. Usiponiletea, nenda kalale."

Na mtu akishafikishwa Mbarara mbele ya jaji, na kukiri amekiri mwenyewe, kinachorudi kwao ni jina lake tu. Kitanzi hakijui kuuliza mara ya pili.

Jana yake sajini alikaa na Erifazi, mmoja upande huu wa nondo, mwingine upande ule.

"Ulimpiga kwa mkono gani?"

"Sijui, afande. Nikilewa, mikono yangu hainipi taarifa."

"Sasa mbona ulikiri?"

Erifazi alikuna ndevu. "Sokoni nilimwambia nitakuvunja shingo. Watu wote walisikia. Baada ya siku mbili shingo ikavunjika. Wewe ungedhani ni nani?"

"Na fimbo?"

"Niliulizwa nilitumia nini. Nikaona nisiwasumbue."

Kukiri kwenyewe hakukuanzia polisi. Jumapili ile, siku ya pili baada ya kifo, Erifazi aliingia katika ushirika wa walokole wa Rwentare, watu wasiogusa pombe, amejaa matope na machozi, akasimama mbele ya watu, akasema ni yeye. Walokole hawakumuuliza swali hata moja. Kwao mtu huiweka dhambi yake nuruni mbele ya ndugu, dhambi yenyewe, kwa jina lake, na tangu ushirika wao uanze hapajatokea mtu wa kutubu asichokitenda. Nani atajipaka mavi yasiyo yake? Walimkumbatia, wakamwimbia, wakamsamehe palepale, kisha ndugu wanne wakamsindikiza mpaka kituoni wamemshika mikono kama bwana harusi.

Mtu mmoja tu hakumkumbatia. Alikuwa Keziya, mjane, mama wa marehemu. Kwa sababu hiyo walimtoa katika ushirika.

Sajini alimkuta uani anamenya viazi, amejifunga blanketi mabegani.

"Umeamkaje, mama?"

"Tumeamka, mwanangu. Baridi imeamka kabla yetu. Kaa hapo kwenye kinu. Kiti kile alikuwa anakikalia mwenyewe, bado sijakizoea kikiwa na mtu mwingine."

Sajini akakaa kwenye kinu. "Nimekuja kwa ajili ya Erifazi."

"Anakula vizuri huko kwenu?"

"Anakula. Kesho anapelekwa Mbarara."

Kisu kikasimama juu ya kiazi. "Kesho hii?"

"Kesho asubuhi. Watu wanasema wewe ulikataa kumsamehe."

"Nimsamehe nini? Mwaka juzi aliniibia kuku, na hilo tulilimaliza yeye na mimi. Nikimsamehe kifo cha Yosamu nitakuwa nimemsingizia."

"Unajuaje si yeye?"

"Yosamu alikuwa na miguu ya mbuzi. Kwenye kona ile ya njia alipoangukia, mlevi angetangulia kuanguka yeye."

"Lakini wanasema pia kwamba aliyemuua mwanao, asiyejulikana hata jina, huyo umemsamehe."

"Hilo kweli."

"Kabla hajatubu."

"Kabla hata hajanawa mikono."

Sajini alifungua daftari, akalifunga tena bila kuandika. "Mama, hapo umeniacha."

"Basi kitendawili."

"Tega."

"Nimempa mtu kitu. Yeye hajakipokea, na mimi sinacho tena."

Sajini akafikiri. "Barua iliyo njiani."

"Umekaribia, lakini hapana."

"Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Mbarara."

"Mbarara siutaki, una joto na mahakama. Nipe Kabale."

"Haya, chukua Kabale."

"Ni msamaha," Keziya alisema, akarudi kwenye kiazi chake. "Mimi nimeshautoa. Kama mwenzangu hajaupokea, hilo ni lake. Ila ndani mwangu usiutafute, haumo."

Ndipo akamweleza habari ya kibuyu.

Siku ya mazishi, watu wote wakisikia, alisema kwamba aliyemuua mwanawe amemsamehe, na kila Ijumaa ataikuta togwa yake pale pale mwanawe alipoangukia. Watu walidhani ni msiba unasema. Ijumaa ilipofika, mama akasaga mtama, akapika, akajaza kibuyu, akakipeleka mpaka kwenye kona ya njia na kukiweka juu ya jiwe. Sasa, kwa watu wa vilima vile, hilo si jambo dogo. Wazee walisema tangu zamani: aliyemwaga damu akinywa cha wenye msiba, tumbo litamvimba mpaka lipasuke. Na asiye na hatia naye hakigusi, asije akajitwika damu isiyo yake. Hata wachungaji wenye kiu walikipitia mbali kibuyu kile, kama watu wanaopita mbele ya jeneza.

"Na kikanywewa?" sajini aliuliza.

"Ijumaa ya kwanza nilikiweka asubuhi. Jumamosi nilikikuta kitupu, kimeoshwa."

"Erifazi alikuwa ameshafungwa."

"Alikuwa kwenu, ana siku ya tano. Ya pili, mvua ilinyesha siku tatu, hata kuku hawakutoka. Jumatatu nikakikuta kitupu, kimeoshwa."

"Na ya tatu?"

Keziya aliinuka taratibu, akaingia ndani, akatoka na kibuyu amekibeba kwa mikono miwili. "Ya tatu niliteleza njiani nikakigonga kwenye jiwe, kikapata ufa toka shingoni hadi tumboni. Kilikuwa kinavuja. Nilikiweka hivyo hivyo na kilichobaki. Jumatatu iliyopita nikakikuta hivi, na tangu hapo sijakirudisha jiweni."

Sajini akakipokea. Ufa ulikuwa umeshonwa. Matundu madogo yalitobolewa pande zote mbili, yakapitishwa uzi wa nyuzi za mgomba uliosokotwa mwembamba, mshono unaokatana kama mguu wa ndege, na kati yake pamepakwa utomvu mweusi. Alipitisha kidole. Hakikukwama popote.

Miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa ameokota visu, mapanga, kamba, chupa za sumu. Hakuwahi kupewa kielelezo kilichotengenezwa kwa upendo namna ile.

"Mama, unaujua mshono huu."

"Kibuyu ni changu, najua kila kilichokipata."

"Niambie jina."

"Hapana."

"Kuna mtu kesho anapelekwa kunyongwa."

"Ndiyo maana nimekuonyesha." Macho yake yalikuwa yamelowa lakini sauti ilikuwa kavu. "Nikikutajia jina, nitakuwa nimemvuta kwa kamba. Nilitaka aje kwa miguu yake, na amekwisha kufika nusu ya njia, unaona mwenyewe. Kibuyu nakuazima. Macho ni yako. Na usidhani mimi ni malaika, mwanangu. Kila Alhamisi nimesaga mtama ule nikiwa na hasira ya kuua. Nilikuwa nasaga mpaka hasira nayo inakuwa unga, ndipo napika."

Kona ya njia ilikuwa mwendo wa robo saa. Upande mmoja kilima kilichokatwa matuta, upande wa pili mteremko wa mawe. Jiwe alilokuwa akiweka kibuyu lilikuwa pana, limeinamiwa na jiwe jingine kubwa, kama mtu na mwavuli.

Sajini alipiga magoti, akapekua majani pole pole. Chini ya lile jiwe lililoinama, mahali mvua haifiki, alikuta doa jekundu lililokauka, limegandana. Alikwangua kwa kijiti, akanusa. Machicha ya mtama. Yalikuwa mengi, karibu kibuyu kizima, yamemwagwa pamoja.

Akarudi nyuma, akakaa juu ya tuta, akahesabu kwa vidole.

Togwa ikipikwa Ijumaa ni tamu siku ile na ya pili yake. Siku ya tatu inaanza kuchachuka. Siku ya nne ni pombe kamili, nayo hulewesha. Juma lile la mvua mnywaji alichelewa, akafika Jumatatu, akaikuta imekuwa pombe. Akaimwaga yote, akakiosha kibuyu, akaondoka. Erifazi angeinywa hadi machicha na kulamba kibuyu. Mchungaji yeyote angeshukuru Mungu. Ni watu wa aina moja tu katika vilima vyote vya Kigezi ambao wangetembea kwenye matope mpaka pale, wamebeba damu ya mtu rohoni, wakaogopa kunywa pombe.

Mlokole ndiye aliyemuua Yosamu.

Ibada ilikuwa imekwisha alipofika kanisani. Mzee Zebuloni, mkuu wa ushirika, alikuwa amekaa nje kwenye benchi anajikanda goti. Alikuwa mtu mrefu, mweupe wa nywele, mwenye sauti ya kuita watu toka ng'ambo ya bonde. Sajini alikuwa ameshasikia toka kwa watu wawili njiani kwamba mzee huyu aliapa kukivunja kile kibuyu.

"Ndugu sajini," Zebuloni alisema akimkumbatia, "kabla hujaniuliza, niweke jambo nuruni. Nilipokuona unakuja nilinung'unika moyoni."

"Si kitu, mzee."

"Na mwaka wa nzige nilimdanganya karani wa kodi wa gombolola habari ya mbuzi watatu."

"Mzee, mimi napeleleza mauaji tu."

"Dhambi ni dhambi."

"Ulisema utakivunja kibuyu cha mama Keziya."

"Nilisema. Na nilikwenda kukivunja, Jumamosi ile ya mvua. Nilifika mpaka jiweni, nikanyanyua fimbo. Goti likatetemeka."

"Goti au moyo?"

"Vyote viwili. Nikarudi."

"Kibuyu kilikuwa na kitu?"

"Kimejaa mpaka shingoni."

"Ukamwaga?"

"Sikukigusa. Andika hivyo, na Mungu anaandika."

"Na Ijumaa aliyokufa Yosamu ulikuwa wapi?"

"Kisoro, nahubiri, na ndugu ishirini. Tulirudi Jumamosi tukakuta msiba." Akawataja saba kwa majina, na wawili kati yao walikuwa palepale wanafunga milango ya kanisa, wakaitika. Sajini akakata jina la Zebuloni katika daftari. Lakini hakuinuka.

"Mzee, kwa nini kibuyu kinakukera hivyo?"

Zebuloni aliacha kukanda goti. "Kwa sababu nampenda Keziya. Tuliokoka siku moja. Sikiliza, ndugu. Neno linasema ndugu yako akikosa mkemee, na akitubu msamehe. Akitubu. Mtu ana kidonda kina usaha, wewe unakifunga kitambaa safi juu, unamwambia umepona, nenda zako. Huo ni upendo? Msamaha bila toba ni kumwacha mtu aoze salama. Erifazi alitubu, tukamsamehe. Huyo mwingine wa Keziya, yuko wapi?"

"Mama Keziya anasemaje?"

"Anasema Bwana aliwaombea wenye nyundo mkononi, na hapakuwa na hata mmoja aliyeiweka nyundo chini kwanza." Mzee akatazama viatu vyake. "Anajua kusema, yule mama. Neno hilo limeninyima usingizi majuma mawili."

"Mlipomtoa, wote mlikubaliana?"

"Wote tuliinua mikono. Isipokuwa shemasi Geresomu. Yeye alitoka nje."

"Alisema kwa nini?"

"Anaumwa koo. Mwezi mzima hajatoa ushuhuda, maskini, yeye aliyekuwa wa kwanza kusimama kila Jumapili."

Sajini aliweka daftari mfukoni, akauliza kama mtu anayeaga, "Hivi vibuyu vikipasuka, siku hizi watu hufanyaje?"

"Hutupa. Kuna madebe na chupa. Zamani mama zetu walijua kushona. Sasa amebaki mmoja tu, huyo huyo Geresomu, alifundishwa na bibi yake. Akikishona, utasema kimezaliwa na kovu."

Geresomu Rwakijuma alikuwa nyumbani kwake chini ya ukingo wa paa, anatengeneza ungo. Mtu mfupi, mwenye mabega mapana na vidole vyembamba visivyolingana na mabega hayo. Mkewe Perepetwa alikuwa mlangoni na binti yao wa miaka mitatu mgongoni, akaleta kigoda, akaingia ndani.

Sajini aliketi. Akatoa kibuyu chini ya koti, akakiweka katikati yao.

Geresomu hakukitazama. Shazia yake, ile sindano nene ya kushonea, iliingia kwenye ungo, ikatoka, ikaingia.

"Koo limepona, shemasi?"

"Linaendelea."

"Nasikia wewe ni fundi. Nimekuja unisaidie. Mtu amekishona hiki kibuyu cha watu, amekiharibu kabisa. Mshono wenyewe wa mtoto. Kinavuja."

"Hakivuji."

"Kinavuja, nakwambia."

"Hakivuji," Geresomu alisema, na sasa alikuwa amekitazama. "Nilikijaza maji usiku kucha, hakikutoa hata to…"

Shazia ikabaki imesimama ndani ya ungo.

Kazi yake ilikuwa imemfundisha kwamba maswali mengine huulizwa vizuri zaidi na kimya. Ndani, Perepetwa naye alikuwa ameacha kugonga vyungu.

"Nani amekutuma?" Geresomu aliuliza mwishowe. "Ni yeye?"

"Yeye alikataa kukutaja. Nilimbembeleza, nikamtisha. Alikataa."

Ndipo yule mtu akauweka ungo chini.

Akasema. Binti yake alikuwa anakufa kwa homa mwezi ule, hospitali imeshindwa. Akaenda kwa mganga ng'ambo ya ziwa, yeye shemasi, akaleta hirizi akamfunga mtoto kiunoni. Yosamu alimwona anatoka huko. Ijumaa ile walikutana kwenye kona ya njia.

"Akaniambia, ndugu Geresomu, Jumapili utaliweka nuruni, au nitaliweka mimi. Alisema kwa upole. Mimi nilimsukuma tu. Kwa mikono miwili, kama unavyosukuma mlango. Na mlango ukafunguka."

"Hukushuka kumtazama?"

"Nilishuka. Alikuwa amekwisha."

"Na Jumapili?"

"Jumapili nilikwenda kutubu, afande. Nakuapia. Nilikuwa nimeshainuka kwenye benchi. Mlango ukafunguliwa, Erifazi akaingia analia, akasema ni yeye. Watu wakaanza kuimba. Nikakaa." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Mtu ukishakaa, kusimama tena ni kama kuubeba mlima huu."

"Na kibuyu?"

"Nilikwenda kukitupa bondeni. Kila mtu alikuwa anakizungumzia. Nikakifungua. Nikasema, nikinywa nitakufa kama wazee walivyosema, na mambo yaishe. Nikanywa." Akakigusa kibuyu kwa kidole. "Ilikuwa tamu, afande. Hakuipunguzia kitu. Ungedhani amempikia mwanawe. Nikakaa pale nangoja tumbo livimbe. Nilingoja mpaka jua likazama. Halikuvimba. Hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli, kuliko siku niliyomsukuma."

Sajini akajikuta ameshika kofia yake mkononi. Hakukumbuka aliivua saa ngapi.

"Geresomu Rwakijuma," alisema, "nakukamata kwa kifo cha Yosamu. Erifazi atatoka leo, na kesho kwenye Landrova utapanda wewe. Maneno uliyosema umesema mwenyewe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Una jambo?"

"Kabla ya kituoni, nipitishe kwake. Wewe ukinifunga, hiyo ni serikali. Bado sijasema kwake."

Kanuni zilitaka mshitakiwa apelekwe kituoni moja kwa moja. Sajini alizijua kanuni zile, alikuwa anawafundisha polisi wapya. Alisimama, akaziweka pingu mfukoni. "Tangulia," alisema.

Habari kilimani haihitaji miguu. Walipokuwa wakipanda, Mzee Zebuloni alitokea njiani anachechemea, na nyuma yake ndugu wengine kumi na watano au zaidi, hakuna anayeimba, hakuna anayeuliza. Perepetwa alikuwa wa mwisho, na mtoto mgongoni.

Keziya alikuwa bado uani. Alipowaona aliweka sufuria chini, akabaki amesimama.

Geresomu alipiga magoti kwenye maganda ya viazi. Alisema yote, toka hirizi hadi kusukuma hadi benchi, hakuruka kitu, kwa sauti ya mtu asiyeumwa koo hata kidogo. Alipomaliza, kuku mmoja aliyekuwa akiparua alisikika kama mtu analima.

Keziya aliuliza jambo moja tu.

"Alisema kitu alipoanguka?"

"Hapana, mama. Nilisikia mawe tu."

Akayumba. Sajini alisogea amshike, lakini mama alikuwa amekwisha kujikalisha mwenyewe, kwenye kile kiti cha mwanawe.

Mzee Zebuloni akajongea mbele. Machozi yalikuwa yanamchuruzika ndevuni wala hakuyafuta. "Dada Keziya," alisema, "tulikukosea, mimi nikiwa wa kwanza. Na sasa ametubu. Mbele ya ndugu wote, ametubu. Sasa unaweza kumsamehe."

Mama akamtazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mahali alipokwishatoka.

"Sasa? Zebuloni, mimi kazi hiyo niliimaliza siku ya mazishi. Ilinichukua nguvu zangu zote, na siwezi kuifanya mara mbili. Leo si zamu yangu. Ni yake huyu. Mwambieni apokee."

Mtu aliyehubiri miaka thelathini alisimama pale kama mtoto aliyeonyeshwa bahari.

"Afande," Keziya aliendelea bila kugeuka, "utamchukua?"

"Itanibidi, mama."

"Mchukue. Nimesamehe mimi, sikusema serikali ilale. Atajibu kwa jaji kama watu wengine. Huyo mtoto wa mgongoni atakula hapa mpaka hapo mambo yatakapojulikana, na mama yake. Nina mtama wa kutosha. Lakini wewe Geresomu, sogea."

Geresomu alisogea kwa magoti. Keziya akainama, akamshika mikono yote miwili, ile ile iliyosukuma, akaigeuza viganja juu, akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama kidole kwa kidole bila haraka, kama mama anayemtafuta mwanawe mwiba. Mabega ya yule mtu yakaanza kupanda na kushuka. Hakuna aliyesogea. Ndugu mmoja, kisha mwingine, wakapiga magoti palepale walipokuwa, matopeni, na nguo za Jumapili.

Sajini Mbareeba alikuwa ameshazitoa pingu. Alikuwa amezifungua, tayari, hatua mbili nyuma ya mshitakiwa wake, jinsi kanuni zinavyotaka.

"Ngoja kidogo, mwanangu," Keziya alimwambia. "Bado nimeishika mikono."

Sajini akangoja. Jua lilishuka nyuma ya vilima, baridi ikaanza kupanda toka ziwani, na watu wote wale wakangoja pamoja naye, mpaka yule mama alipomaliza.